Vumbi la Sebuleni kwa Mama Masunga

Siku ya kuniaga ofisini walinipa feni. Feni kubwa ya kusimama, imefungwa utepe mwekundu shingoni kama mbuzi wa zawadi. Nimetumia maisha yangu ya kazi kuwafundisha watu kulituliza vumbi ndani ya nyumba, na zawadi yangu ya kustaafu ni mashine ya kuliamsha. Nilishukuru, kwa sababu mama yangu alinifundisha kushukuru kabla ya kuangalia. Mgeni rasmi akasema feni hiyo ni ishara ya hewa safi niliyowapelekea wananchi wa Shinyanga na Geita. Watu wakapiga makofi, kisha wakakohoa. Walikohoa kwa sababu ukumbi ulikuwa umefagiwa asubuhi hiyo kwa fagio kavu, kwa heshima yangu.

Baada ya soda, Neema, kijana aliyepokea baiskeli yangu na eneo langu, alinivuta pembeni. "Mzee Hewa, yaandike," alisema. "Ukiondoka nayo kichwani, sisi tutaanza upya kununua mashine." Kwa hiyo naandika. Vyeo sitavieleza, maana nilikuwa na kimoja tu. Mshahara nao haukuwa na mambo mengi ya kusimulia.

Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya watano. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla hatujazoea, na mimi nikaacha shule nikiwa darasa la sita. Ndugu wa ukoo walikuja msibani, wakasema maneno mazuri sana, wakala, wakaondoka. Tukabaki na nyumba ya vyumba viwili, kuta za udongo, bati lenye matundu ya misumari. Asubuhi nilipika uji, nikafagia, nikaenda Isaka kupakia magunia kwenye malori. Jioni nilirudi nikafagia tena. Kwetu mwanaume akishika fagio watu hupata cha kusema. Jirani mmoja alikuwa akipita anauliza, "Huyu kijana akija kuoa, mkewe atafanya nini?" Nilimjibu atakuja kupumzika. Mke wangu hadi leo anasema nilimtangazia uongo.

Mdogo wetu wa mwisho, Ng'washi, alikuwa na kifua kinachobana. Nikifagia, kinaanza kupiga filimbi. Siku za mvua, udongo ukiwa umelowa, kinanyamaza. Nilihitaji msimu mmoja tu kuelewa kwamba ugomvi wake haukuwa na mimi, ulikuwa na fagio. Nikaanza kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Baadaye ndani ya nyumba niliacha fagio kabisa, nikawa nafuta kwa kipande cha gunia kilicholowa. Ng'washi akalala. Hiyo ndiyo shule yangu ya hewa. Mengine yote niliyofundishwa baadaye yalikuwa ni kuipamba.

Mradi wa hewa safi ya ndani ulipokuja ulitaka watu wenye vyeti. Wenye vyeti walikuja, wakaonyeshwa baiskeli, wakaondoka. Nikabaki mimi. Mratibu, mtu mpole wa mjini aliyekuwa akifuta miwani yake kila akikosa jibu, aliniuliza najua nini kuhusu ubora wa hewa ya ndani. Nikamwambia mdogo wangu akilala bila filimbi, hewa ni nzuri. Akaandika kitu kirefu, akanipa kazi. Cheo changu kilikuwa Mhamasishaji wa Hewa Safi ya Ndani. Vijijini walikifupisha haraka: Bwana Hewa.

Semina ya kwanza tulifanyia katika hoteli moja mjini, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Mwalimu alitueleza kuhusu umuhimu wa kufungua madirisha. Tulikaa humo hadi wenzangu wakashikwa na mafua, tukapewa fulana, tukaambiwa tumeiva.

Siku ya kwanza ya kazi nilipanda baiskeli nikifuata gari la mratibu, yeye mbele, mimi ndani ya vumbi lake. Nilifika kwenye nyumba ya kwanza nikiwa mwekundu kuanzia nywele hadi kandambili. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akinitazama.

"Wewe ndiye umeletwa kutuondolea vumbi?"

"Ndiyo, mama."

"Anza na wewe. Usikanyage humu."

Nilijikung'uta uani, nikaoshwa miguu kama mtoto, nikaingia peku. Hilo ndilo somo la kwanza, Neema, na halikuwa kwenye semina: vumbi la ndani nusu yake huja na mgeni, na mara nyingi mgeni mwenyewe ni wewe. Tangu siku ile nilibeba kitambaa cha kujifutia na nikaacha viatu nje hata kwa watu walionibembeleza niingie navyo.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Fundi Lusato, mwashi wa mradi, mzee mfupi mwenye vidole kama mizizi. Yeye hakuwa na muda wa maneno kama ubora. Aliingia kwenye nyumba, akafunga mlango, akatafuta tundu la msumari kwenye bati. Jua likipita pale hushuka kama kamba nyeupe hadi sakafuni, na ndani ya ile kamba unaliona vumbi linavyotembea. "Mwite mwenye nyumba aone," aliniambia. "Akishaona, mwache anyamaze kwanza. Na wewe usiwe na haraka ya kuliziba tundu kabla hujamaliza kuongea." Watu waliokuwa wamesikiliza hotuba zangu huku wakipukuchua mahindi waliacha mahindi wakiona kamba ile. Mwingine alijaribu kuipiga kwa kanga.

Lusato alinionyesha upepo wa kiangazi unavyotokea mashariki karibu kila siku, na jinsi watu wetu wanavyojenga mlango mkubwa ukitazama huko huko, kwa kuwa ndiko barabara iliko na mgeni asipate tabu. Alinionyesha dari za viroba vilivyoshonwa pamoja, ambazo hupokea vumbi la paa mwaka mzima kisha paka akipita juu linashuka lote kwenye mboga. Alipanda minyaa iwe ua wa kuzuia vumbi upande wa barabara, akajenga kibaraza chenye ukuta wa kufika kiunoni, akahamisha majiko nje ya nyumba ya kulala na kuyawekea bomba la moshi. Alifanya hayo yote bila kufunga kitu puani, kwa sababu alisema mtu mzima akijifunga kitambaa usoni anafanana na mwizi wa ng'ombe. Kifua ndicho kilichomchukua mwishoni. Mpaka kufa alikuwa fundi hodari wa vifua vya wengine.

Lakini upepo na bati havikuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa fagio.

Huku kwetu mkamwana, yaani mke wa mwana, hujulikana kwa fagio lake. Jua halijatoka, anatakiwa awe ameinama, fagio linasikika hadi kwa jirani, na vumbi linapanda juu ya ua. Anaanza ndani, anamalizia nje. Vumbi lile likipanda, majirani wanajua nyumba ile ina mtu. Lisipopanda, wanaulizana mgonjwa ni nani. Mimi nilikuwa nimetumwa kwenda kuwaambia wanawake hao waache fagio ndani ya nyumba, wapige deki kwa kitambaa kibichi. Deki haina sauti na hairushi kitu. Kwa maneno mengine nilikuwa nawaomba wafanye kazi kubwa zaidi kisha waonekane wavivu.

Nyumba iliyonifundisha hili ilikuwa katika kijiji kimoja upande wa Bulyanhulu, kando ya barabara ya changarawe ipitayo malori na pikipiki mchana kutwa. Mwenye nyumba, Masunga, alikuwa mchimbaji mdogo. Mawe aliyotoa kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, hakuyapeleka yote kwenye karasha kusagwa. Mazuri aliyaponda nyumbani, chumbani, mlango umefungwa, kwa kuogopa macho ya watu. Kijiji kizima kilijua, kwa sababu kilisikia. Nilimwambia siri yake inafika barabarani, na kwamba unga wa jiwe ukishaingia kifuani hautoki. Alifikiri, akahamishia kinu nyuma ya zizi, akawa analowesha mawe kabla ya kuponda. Alisema ng'ombe angalau hawasemi.

Masunga nilimshinda kwa siku moja. Mama yake ilikuwa habari nyingine.

Mama Masunga alikuwa mjane mrefu, mnyoofu, mwenye sebule ya kusifiwa. Kila kitu pale kilivaa kitambaa cha kufuma: makochi, redio, runinga, mtungi, saa ya ukutani. Hata picha ya marehemu mumewe ilikuwa na kitambaa chake, akifunuliwa sikukuu kuwaona watoto. Fagio alilishika yeye miaka mingi, kisha Masunga alipooa akamkabidhi mkewe, Minza, ambaye kwa desturi tulimwita Mama Limi kwa jina la binti yake. Na Limi, mtoto wa kutambaa na kusimama, alikuwa na filimbi kifuani. Niliisikia kabla sijakaribishwa kiti. Ilikuwa ile ile ya Ng'washi.

Zahanati walikuwa wameshamwambia Minza amweke mtoto mbali na vumbi na moshi, ushauri mzuri kwa mtu anayekaa mwezini. Mimi nilikaa naye tukapanga mambo ya duniani. Mlango wa barabarani ufungwe mchana malori yanapopita, dirisha la nyuma lifunguliwe asubuhi upepo ukiwa umelala. Godoro la mtoto litolewe nje na kukung'utwa mbali na nyumba. Na kila asubuhi deki, vyumba vyote, kitambaa kikisuuzwa mara kwa mara, bila fagio. Minza alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alifanya. Mwezi haukuisha Limi akaanza kulala kimya.

Niliporudi nilimkuta Mama Masunga amekaa kibarazani, ananisubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye umemkataza mkamwana wangu kufagia?"

"Sijamkataza kazi, mama. Nimemwomba apige deki."

"Naamka asubuhi sisikii kitu. Mama Kulwa hapo jirani kaniuliza, mkamwana wako amesafiri? Nimjibu nini?"

"Mjibu kwamba nyumba ni safi."

"Usafi gani huo ambao hata vumbi hautimui?"

"Mtoto si analala sasa, mama?"

"Mtoto analala kwa sababu amekua. Na huyo mama yake naye analala. Asiposhika fagio kabla ya mavuno, atarudi kwao wakamfundishe tena. Na wewe Bwana Hewa utampakia kwenye baiskeli."

Halikuwa neno la hasira. Kwa desturi ya nyumba ile mke akirudishwa kwao, mtoto hubaki upande wa baba. Minza angeondoka na begi lake, na Limi angebaki na bibi yake na fagio. Nilimtazama Masunga. Mtu huyu alikuwa akishuka shimoni kwa kamba moja bila kuuliza imefungwa wapi, lakini macho ya mama yake yalimshinda. Alikuwa akichunguza kucha zake.

Wakati huo huo mratibu alipata mashine. Ilikuwa nyeupe, ukubwa wa redio, ina vitundu vya kuvutia hewa, inahesabu vumbi yenyewe usiku na mchana. Ilitakiwa ikae mwezi mzima katika nyumba ya kando ya barabara, akachagua nyumba ya Masunga. Niliona mkono wa Mungu hapo. Mashine ingesema, na yeye Mama Masunga alikuwa mtu wa kuheshimu vitu vinavyowaka taa.

Mratibu alitoa maelekezo sebuleni huku akifuta miwani: mashine isiguswe, isihamishwe, isizimwe. Mama Masunga akaapa mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba atailinda kama yai. Tena, kwa kuwa kitu cha watu hakiwezi kukaa kwenye nyumba isiyofagiwa, alimnyang'anya Minza kazi ya usafi. Kesho yake asubuhi fagio lilisikika tena, la ndani na la nje, na Mama Kulwa akapiga vigelegele vya kejeli kutoka ng'ambo ya ua. "Nyumba imepona," alisema.

Wiki ile ile filimbi ya Limi ikarudi. Nilikwenda kwa mratibu kumwomba mashine itolewe mapema. Akasema takwimu hazikatwi katikati, na kwamba, kwa kuwa bibi amerudia kufagia, tutaliona vumbi likipanda kwenye mashine na kila mtu ataamini. "Vumilia kidogo," alisema. Nilirudi kumwambia Minza avumilie. Alikuwa amembeba Limi mgongoni, amesimama nje ya nyumba yake mwenyewe, anangoja vumbi litue ndipo aingie. Alinipa tu kigoda.

Majibu yalipotoka, mratibu alinipigia simu mwenyewe, sauti imejaa furaha. Nyumba ya Masunga ilikuwa na hewa safi kuliko zote mradi ulizopima. Safi kuliko ofisi yetu. Safi, akasema, kuliko hospitali. Sayansi ilikuwa imekaa mwezi mzima sebuleni, imemsikiliza Mama Masunga akifagia, na imemuunga mkono.

Wakubwa wa mradi walikuja kwa magari matatu kumpongeza mama. Mimi nilitangulia kwa baiskeli kuwaandaa wenyeji. Nilipiga hodi nikaingia, nikamkuta Mama Masunga ameinama juu ya mashine, anaondoa kitambaa. Kitambaa kizuri cha kufuma, cheupe zamani, chenye maua pembeni, kinene. Alikikunja taratibu akakitia kwenye kanga yake.

"Kilikuwa hapo siku zote, mama?"

"Siku ile ile walipoondoka. Ningeiacha wazi? Nyumba hii ina vumbi."

Nilikaa chini. Nje magari yalikuwa yanafika, na vumbi lake likaingia ndani na wageni. Mgeni rasmi alimsifu Mama Masunga kama mfano wa kuigwa, akampa cheti, fulana na, Mungu anisamehe kwa kucheka nikiandika, fagio jipya. Majirani walipiga makofi. Minza alikuwa mlangoni mwa jiko. Mama Masunga alinyanyua fagio lile juu watu waone, na alipolishusha alikuwa anamtazama yeye.

Sikusema kitu pale. Ningesema, ningemwaibisha mama mbele ya kijiji, na aibu ile ingelipwa na mtu mwingine. Nilimsubiri mratibu penye gari.

"Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa," nikamwambia.

"Kitambaa gani?"

"Cha kufuma. Kina maua."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

Alivua miwani akaifuta. Ilikuwa safi tayari, akaifuta tena. "Ripoti imeshakwenda," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Na waliipenda." Hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kufunga mlango wa gari alisema, "Nenda ukafanye unaloweza. Nitaandika kwamba ni ufuatiliaji."

Jumapili, baada ya misa, ukoo ulikaa. Nami niliitwa, kama shahidi au mshitakiwa, haikusemwa. Begi la Minza lilikuwa mlangoni, limefungwa. Cheti kilikuwa ukutani, na kitambaa chake. Mjomba wa Masunga, Mzee Mabula, alikaa kwenye kochi kubwa na akafungua kikao kwa kuuliza kama kuna chai.

Mama Masunga alieleza shauri lake vizuri, bila kupandisha sauti. Mkamwana hataki kufagia. Bwana Hewa anamtetea. Mashine ya watu wa mjini imepima, imesema fagio ndilo sahihi. "Sasa mimi niamini mashine au niamini baiskeli?"

"Bwana Hewa," Mzee Mabula akaniambia, "una la kusema, au tumalize?"

"Nina swali moja kwa mama," nikasema. "Mama, kile kitambaa ulichofunikia mashine, ulikifua kabla ya kukiweka?"

Sebule nzima ilimgeukia. Alivuta pumzi kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Wewe kijana. Mimi nifunike kitu cha watu kwa kitambaa kichafu?"

"Kilikuwa safi?"

"Nilikifua kwa mikono hii, nikakiloweka, nikakianika, nikakipiga pasi. Muulize hata huyo Minza."

"Ni kweli," Minza akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Kilikuwa kinang'aa."

"Na tangu ukitoe umekifua tena?"

"Kitambaa cha kihistoria? Kipo kama kilivyokuwa."

Niliomba beseni la maji safi na kitambaa chenyewe. Mama Masunga alikileta kwa mikono miwili. Sikukishika mimi. Nilimwomba Mzee Mabula akitie majini na kukikamua. Alisita, kwa sababu kwetu mzee hafui, lakini mambo ya mashine yalikuwa yamemtia hamu. Alikizamisha, akakikamua mara moja, maji yakawa kama chai ya rangi. Akakikamua tena, yakawa kama chai iliyosahaulika kwenye birika. Alipokifungua, chini ya beseni palikuwa na tope jekundu, laini kama unga wa muhogo.

Limi alikuwa mapajani mwa mama yake, na filimbi yake ilisikika sebule nzima.

"Hili lote," Mzee Mabula akasema, mikono yake inachuruzika, "lisingekamatwa na kitambaa, lingekwenda wapi?"

"Mama ndiye aliyepima," nikasema. "Mashine haikupima kitu. Kitambaa cha mama ndicho kilichokaa mwezi mzima kinakamata vumbi la sebule hii. Ningekuwa na uwezo, cheti kile ningekiandika jina la kitambaa."

Mama Masunga alilitazama beseni muda mrefu. Hakuweza kusema kitambaa kilikuwa kichafu, kwa sababu angekuwa anajitukana mwenyewe. Hakuweza kusema vumbi lile si la fagio, kwa sababu alilifagia yeye. Kisha akamtazama Limi, si kwa kupita, akamtazama kweli, na nikaona anaisikia ile filimbi.

"Hayo maji ya deki," alisema hatimaye, bila kumtaja mtu, "huwa unayamwaga wapi?"

"Nyuma ya nyumba, mama," Minza akajibu.

"Ndiyo maana. Mtu anafanya kazi halafu anaificha nyuma ya nyumba kama ameiba. Kesho uyalete hapa mbele, mlangoni, niyaone. Mama Kulwa naye ayaone."

Masunga alinyanyuka, akachukua begi la mkewe, akalirudisha chumbani. Hiyo ndiyo hotuba yake pekee katika kikao kile, na nimesikia mbovu zaidi.

Basi kesho yake ndoo ikaletwa mlangoni. Mama Masunga aliikagua mbele ya majirani, akatikisa kichwa kwa uzito, akaagiza imwagwe barabarani. Mama Kulwa hakukubali kupitwa, naye akadai ndoo kwa mkamwana wake. Kabla ya kiangazi kuisha njia nzima ilikuwa na ndoo asubuhi, na mkamwana alisifiwa kwa weusi wa maji yake. Niliyoyaomba kwa miaka nikiwa na mabango yalikuja yenyewe kwa miguu ya wivu. Ofisini wakaiita mbinu, wakaiandalia semina, hotelini, madirisha yamefungwa.

Ilikuwa na madhara yake, nisiwafiche. Siku moja nilimkuta mwanamke mmoja uani anachota udongo kwa kopo anautia kwenye ndoo ya deki na kukoroga. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama mkwe anakuja leo," alisema. "Maji yangu siku hizi yanatoka meupe, atasema nimelala."

Nilimwambia maji yakitoka meupe ndiyo tumeshinda. Akaniangalia kwa huruma, akaongeza kopo lingine.

Kwa hiyo, Neema, utakapoanza, usinunue kitu kabla hujakaa sebuleni na kuangalia kilichofunikwa. Uliza nani atamwona huyu mwanamke akifanya unachomwomba afanye, na kama jibu ni hakuna, rudi nyumbani ukafikiri tena. Kitambaa kisuuzwe kabla hakijaanza kusambaza tope. Sabuni ya nini, maji yanatosha. Godoro likung'utwe upande upepo unakokwenda, si unakotoka, na hili utalirudia hadi ustaafu. Na tundu la msumari usiharakishe kuliziba.

Feni yangu ipo sebuleni. Ng'washi, ambaye sasa ni mama wa watu wazima, aliniletea kitambaa cha kufuma cha kuifunika, cha rangi ya samawati. Sijaiwasha. Kila Jumamosi nakisuuza kitambaa, naangalia maji.

Wiki iliyofuata sherehe nilipanda baiskeli ya kuazima nikaenda kuaga nyumba zangu. Kwa Masunga minyaa aliyoipanda Lusato kando ya barabara imepanda hadi usawa wa dirisha, na ilikuwa kiangazi kikali, malori yanapita. Mama Masunga alikuwa kibarazani, amezeeka, macho hayana nguvu. Nilimwamkia, akaitikia, akasema fulana ya mradi ilichuja kwenye ufuaji wa kwanza. Kisha Minza akaleta ndoo, kama kila asubuhi, akaiweka mbele yake.

Mama Masunga aliinama. Hakuona vizuri, akatia kidole, akakizungusha, akakinyanyua kwenye mwanga. Mimi nilikuwa naona kitako cha ndoo wazi, hadi alama ya kiwanda. Maji yalikuwa masafi kama yalivyotoka kisimani. Nikangoja aseme neno la miaka ile, kwamba mkamwana amelala.

"Umepiga deki?"

"Nimepiga, mama."

"Vyumba vyote?"

"Vyote. Hata chini ya makochi."

Mama Kulwa alikuwa anachungulia juu ya ua. Mama Masunga akafuta kidole kwenye kanga yake.

"Basi wape mbuzi," alisema.

Limi, msichana mrefu kama bibi yake, alitoka jikoni akabeba ndoo hadi uani. Mbuzi walikuwa mbali, ng'ambo ya barabara, na lori lilikuwa linapita. Aliwaita mara moja tu, kwa pumzi moja ndefu isiyokatika, na wakaja.